Kilo Kumi na Nne za Haroub

Jumatatu, 1 Julai 2024

Mimi na Mama tumerudi Pemba jana kwa boti. Leo skuli, vipindi vinne, na sikumbuki nilichofundisha.

Niandike kama ilivyo. Figo yangu inamfaa mdogo wangu Haroub. Daktari wa Dar aliyasema hayo huku anatabasamu, na Mama akalia pale pale kwenye kiti. Ndugu watano tumepimwa, mimi peke yangu niliyefaa. Haroub ana miaka thelathini na mbili, fundi wa mashine za boti, na figo zake zote mbili zimekufa. Mwaka na nusu sasa anakaa Unguja kwa ajili ya kusafishwa damu — mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Nitampa moja yangu. Basi. Furaha!

Halafu daktari akanipandisha kwenye mizani. Tisini na nne. Kasema kwa kimo changu ni nyingi mno: kunipasua ni hatari, na figo itakayobaki itaelemewa. Nishuke mpaka themanini au chini yake. Nirudi tarehe tatu Oktoba.

Kilo kumi na nne. Miezi mitatu.

Mume wangu Masoud nimemweleza leo kwenye chai ya jioni. Kasikiliza mpaka mwisho. Kisha kauliza kama chai imetiwa sukari.

Alhamisi, 4 Julai

Sijui nimsikilize nani. Sista Epifania wa kituo cha afya hapa Mtambile kasema nipunguze wali, nusu ya sahani iwe mboga, nitembee. Mwalimu Shadya, ninayekaa naye meza moja ofisini, kasema wali hauna kosa, kosa ni mafuta. Kwenye kundi la wasapu mmoja kaandika maji ya moto na ndimu kila asubuhi. Mwengine kajibu ndimu inakausha damu. Mwengine ati nisile baada ya magharibi. Mwengine nisile asubuhi. Nikijumlisha yote, nisile kabisa!

Leo: vipande viwili vya muhogo, samaki wa kuchoma, mchicha, chai bila sukari. Chai bila sukari ni maji ya mgonjwa. Saa kumi nikala papai, nikajiona mwema. Halafu nikawaza — papai si sukari hiyo hiyo? Nimeuliza watu watatu, nimepata majibu matatu.

Jumamosi, 20 Julai

91! Kwa Sista Epifania. Nusu saa baadae, mizani ya duka la dawa: 93. Ipi ya kweli? Nimerudi kwa Sista nikihema. Kacheka. Kasema, mwalimu, chagua mizani moja uishi nayo.

Natembea kila siku baada ya swala ya alfajiri, mpaka njia panda na kurudi. Mwanamke mzima njiani asubuhi, hana ndoo, hana kapu, hana anakokwenda — watu wananisimamisha kuuliza kama kuna msiba. Leo mzee mmoja aliyekuwa anatandaza karafuu jamvini kaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia, kilo. Akaniombea nizipate.

Jumapili, 4 Agosti

Masoud kabadilika. Si mtu wa kuleta vitu vya kutafuna, huyu. Sasa kila jioni anarudi na mfuko. Jumatano pweza wa kukaanga. Ijumaa mkate wa kumimina, moto, una iliki. Leo chipsi mayai, karatasi inachuruzika mafuta. Anaweka mbele yangu, anakaa, anatazama.

"Kula kidogo. Unakonda, watu watasema sikulishi."

Nimekula. Si kidogo.

Huku ndiko kupendwa? Miaka kumi na saba ya ndoa sijawahi kuletewa pweza.

Jumatano, 14 Agosti

88.

Shadya kaniita pembeni. Walimu wanaulizana kama naumwa. Mmoja kasema sukari. Mmoja kautaja ule ugonjwa kwa kushusha sauti. Mmoja ana hakika Masoud anaoa mke wa pili. Ningeweza kuwaambia kweli ikaisha. Lakini nikiitangaza skuli nzima, halafu isiwezekane...

Isiwezekane kwa nini? Nimeandika hivyo mwenyewe, na sijui nilikuwa nawaza nini.

Haroub kapiga simu, ametoka kwenye mashine ya kusafisha damu. Siku hizo sauti yake huwa nyembamba kama ya mtoto. Kauliza, "Dada, umefika ngapi?" Nikamtajia. Kasema mashallah. Kisha kaniomba radhi, kasema hataniuliza tena.

Afadhali angeendelea kuuliza.

Ijumaa, 30 Agosti

84. Magauni yananicheza mwilini. Suhaila, kitinda mimba wangu, kasema nimefanana na yule bibi harusi wa kwenye picha yetu ya harusi. Nimefurahi kweli — nikaona haya. Nakonda kwa ajili ya nani, kwani?

Masoud aliporudi kutoka swala ya Ijumaa nilimuuliza. Hospitali wanataka mume naye aje, wazungumze naye. Atakuja?

"Nitakuja."

"Kwa hiyo umekubali?"

"Sijakataa."

"Sikuuliza hivyo, Baba Suhaila."

Akavua kofia, akaiweka juu ya goti. "Haroub ni ndugu yangu, nampenda, wallahi. Lakini tuna watoto wanne. Ukibaki mezani kwa madaktari, nitawaambia nini hawa? Kwamba nilikutoa kwa mkono wangu?" Akaigeuza ile kofia. "Sijakataa. Na sijakubali. Usinilazimishe neno."

Daktari alisema hatari ipo, ila ni ndogo. Ndogo kiasi gani? Nilisahau kuuliza. Au sikutaka kujua.

Jumanne, 17 Septemba

Juzi tulisoma maulidi nyumbani kwetu. Biriani, sufuria kubwa. Mbele ya wageni nilikula vijiko vitatu, nikajisifu moyoni.

Leo sikuingia skuli. Watoto wameondoka, Masoud kaondoka. Saa tatu asubuhi nikafunua sufuria nipashe kilichobaki. Sikupasha. Nimekula kwa mkono, nimesimama, wali umegandiana na samli. Sikuwa na njaa. Naapa sikuwa na njaa! Nimekula mpaka tumbo likaniuma, nikapumzika, nikala tena.

Wiki iliyopita Sista alisoma themanini na moja. Kilo moja tu imebaki. Kilo moja, halafu nalazwa, napasuliwa.

Huu ni ulafi? Au ni woga? Sijui kuvitenganisha, mdomoni vina ladha moja. Najua hili tu: nikishindwa kwa unene, nitakuwa mtu aliyependa kula. Watu watanicheka, watanisamehe. Lakini nikisema kwa kinywa changu kwamba sitaki —

Astaghfirullah. Nimefunika sufuria. Nimemwita jirani achukue kwa ajili ya kuku wake.

Alhamisi, 19 Septemba

83. Sista Epifania hakuniuliza kitu. Kaandika tu.

Jumapili, 22 Septemba

Masoud kaja na visheti. Nikachukua kimoja, nikakitia mdomoni, na nikiwa natafuna nikauliza. "Unaniletea ili nisifike?"

Hakukasirika. Nilitaka akasirike.

"Mwanzo nilikuwa naleta tu. Nilikuona unateseka."

"Na baadae?"

"Baadae nikawa najua." Anatazama mlango, si mimi. "Nikasema, mimi naleta, yeye anakula. Hakuna anayemshika mkono. Labda na yeye hataki, ila hana wa kumsemea."

Hapo ndipo nilipaswa kumrushia sahani. Ningekuwa na haki. Lakini kile kisheti kilikuwa bado mdomoni, na nilikuwa sijui nikimeze au nikiteme. Nimekimeza.

Akachukua sahani mwenyewe, akawapelekea watoto uani. Aliporudi kakaa karibu yangu kuliko kawaida. Sijui kama tumegombana.

Ijumaa, 27 Septemba

Mama kavuka kutoka Kojani, atasafiri nasi. 81 leo, nimemwambia mlangoni hata kabla ya salamu kuisha.

Kanipikia mchuzi wa samaki bila nazi — mara ya kwanza katika maisha yake. Nikisogeza sahani, uso unamfunguka. Nikiongeza tonge, anatazama chini. Mama huyu huyu aliyekuwa akinikimbiza na bakuli la uji!

Nikamuuliza, Mama, mimi hunihofii?

Kasema: "Mwanakhamis, mwanangu, nikikaa nakuhofia wewe, nikisimama namhofia yeye. Tangu Julai sijui nimeomba dua gani. Naanza ya huyu, naimaliza na ya yule."

Nilikuja kumuuliza ili aniongoze. Kumbe amepotea zaidi yangu. Nikachukua mafuta, nikamkanda miguu.

Jumatatu, 30 Septemba

Haroub kapiga simu saa sita, wakati wa mapumziko. Nilikuwa nyuma ya darasa la tano.

"Dada. Nikiwaambia madaktari mimi ndiye nisiyetaka, utapumzika?"

Jibu la dada ni moja, na linatolewa hapo hapo: acha upuuzi. Sikulitoa. Nilisikia watoto wanacheza nage, nikasikia pumzi yake, nikasikia pumzi yangu.

Nikasema, "Mtandao unakatika."

Mtandao haukuwa unakatika.

Alhamisi, 3 Oktoba

Dar. Hospitali. Naandika nikiwa chumba cha kuswalia wanawake. Nimeomba robo saa, karibu inakwisha.

79.6.

Muuguzi kasoma mara mbili. Nimefika! Nilidhani ikifika siku hii nitajua la kuhisi.

Baada ya mizani nikaitwa na ofisa ustawi wa jamii, mama wa makamo. Masoud, Mama na Haroub wakaambiwa wabaki nje. Akafunga mlango. Kauliza nani kanilazimisha. Hakuna. Nani kaniahidi chochote. Hakuna. Akaweka kalamu chini.

"Mwalimu, haya namwambia kila anayekaa kiti hicho. Usipotaka, hata leo, hata ukiwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji, sisi tutawaambia kwamba hukufaa. Basi, hivyo tu. Mumeo hatajua sababu. Mama yako hatajua. Mgonjwa hatajua."

Nikamwambia, lakini uzito umefika.

"Uzito umefika. Nakuuliza wewe."

Miezi mitatu nimemsubiri mtu mwengine aseme — mizani, Masoud, Mama. Wote wamemaliza kusema. Nikaomba nikaswali kwanza.

Ilibidi nipite mbele yao. Haroub kakaa katikati ya Mama na Masoud. Amevimba uso, kaja na boti ya asubuhi, leo hajasafishwa. Mkono wake wa sindano, ule wenye mshipa mnene kama kamba, uko juu ya paja la Masoud, na Masoud anamfungulia chupa ya maji. Haroub kanywa funda moja, kairudisha — haruhusiwi zaidi. Masoud kaifunga chupa taratibu, akaishika. Wote watatu wakaninyanyulia macho. Haroub kanitolea tabasamu, kisha akalirudisha haraka, kama aliyeona amenidai.

Nimeswali rakaa mbili. Sikuona ndoto, sikusikia sauti. Naogopa bado. Nawaona wanangu wanne wamejipanga. Namuona Haroub na funda lake moja la maji. Naogopa bado.

Ila kuna jambo. Pale kwenye mizani muuguzi alisema nivue viatu. Nikavua. Kisha nikavua saa. Kisha pete. Kisha bangili zote mbili. Kisha nikaingiza mkono chini ya mtandio, nikaanza kutoa pini za nywele, moja moja. Kasema, "Mama, viatu vinatosha." Nikaendelea kutoa.

Pini bado zimo kiganjani, nane. Sijui nani aliyezitoa, kama si mimi.

Mlango unagongwa. Ni yule ofisa, ananiita kwa jina langu.