Mchumba Wangu Anaandika Kichina Kinyumenyume

Mpendwa Mama Vanessa, naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana nimefika mahali sijui tena mkono wangu ni wa nani. Mimi ni Tuyisenge, binti wa wafugaji kutoka Kivu Kusini, naishi kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na mchumba wangu ni Ezira, mtoto wa wafugaji pia, ambaye nampenda, hilo ulijue mapema usije ukaniambia nimwache tu. Ezira alifanya kazi na Wachina waliojenga barabara ya lami ya Kaberebere, akajifunza herufi zao kwa kutazama maandishi ya kwenye mashine, na ndiye aliyenifundisha zile za kwanza, tukichora kwa kijiti kwenye vumbi, na tulikuwa na furaha sana. Sasa mwaka huu mke wa injinia mmoja, Mwalimu Chen, amefungua darasa Mbarara, tukajiandikisha wote wawili, na hapo ndipo nikagundua kwamba kila mstari wa herufi una zamu yake, juu kabla ya chini, kushoto kabla ya kulia, na lile neno "nchi", ambalo limezungushiwa ua wa mistari pande zote nne, unachora pande tatu, unaweka vilivyomo, halafu mstari wa chini unafunga. Ezira anachora ua wote kwanza, anaufunga, ndipo anajaza ndani, na akimaliza karatasi inaonekana sawa, lakini Mwalimu Chen haangalii karatasi, anasimama nyuma yako anaangalia mkono.

Nilimwambia Ezira tukiwa darasani, akanijibu kwa sauti, "Ni miye nilikufundisha, leo weye ndiye unataka kunikosowa mbele ya batu? Basi na ile ndoa tutaona." Ndoa yetu ni Desemba. Tangu siku ile, nikikaa karibu naye nami nafunga ua kwanza, makusudi, na Mwalimu Chen ananitazama kwa huzuni, kwa sababu Jumamosi anatupima na atachagua mmoja wa kumsaidia kufundisha, na kazi ile naitamani mpaka nakosa usingizi. Nikiandika vizuri nitamwaibisha Ezira, nikikosea nitaikosa kazi. Nifanye nini, Mama?

Tuyisenge, Nakivale

Tuyisenge binti yangu, pole, na sasa nikugombeze. Umenieleza habari za juu na chini, kushoto na kulia, kwa raha mpaka mimi nisiyejua hata herufi moja ya Kichina nimeshika kalamu kujaribu, halafu unaniambia unakosea makusudi! Mwanamke wa watu anaacha nyumba yake kila Jumamosi akufundishe, nawe unamdanganya hivi hivi. Koma kabisa. Mkono ukiuzoesha kukosea, hautajirekebisha wenyewe harusi ikishapita.

Lakini na kwa Ezira ulikosea. Kijana ndiye aliyekuanzisha, unamsahihisha wenzake wakisikia, halafu unashangaa amefura? Mume wangu ni mpole, ila nikimsahihisha sala mbele ya wageni hatuongei mpaka kesho yake. Lile neno la ndoa lilikuwa la hasira. Sijalipenda hata hivyo.

Sasa sikia. Usingoje Jumamosi. Nenda kwa kina Ezira jioni ng'ombe wanaporudi. Najua mchumba haingii kwa wakwe kabla ya harusi, basi mwombe dada yake akusindikize, msimame nje. Ng'ombe wakiwa wanaingia zizini, muulize taratibu: "Ezira, lango unalifunga wakati gani?" Sijaona mtoto wa mfugaji anayefunga lango ng'ombe wakiwa bado nje. Kisha mchoree lile neno lenu pale pale kwenye vumbi, kama alivyokuchorea yeye zamani: ua pande tatu, ng'ombe ndani, ndipo lango. Usiongeze maneno. Mpe kijiti.

Jumamosi andika sawasawa, kila mstari kwa zamu yake, yeye awe amekubali au amenuna. Akikipokea kijiti na kucheka, mtakuwa walimu wawili nyumba moja, hata akichaguliwa mmoja, na Desemba nialikeni. Akikitupa, lia kidogo, ujifute, upande gari uje darasani. Utakuwa umejua mapema kwamba lango amelifunga, na wewe bado uko nje.

Mama Vanessa, Mbarara