Kaburi la Mtoto wa Jenerali

Toronto, Novemba 1996

Mdogo wangu mpendwa Ambakisye,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji. Goti lako linalokusumbua wakati wa mvua linaendeleaje? Usiache kulifunga kitambaa cha sufu nilichokutumia. Mimi ni mzima, ila baridi ya hapa imeanza mapema, na mwanao Tumaini hataki nitoke nje bila kofia. Wajukuu wananisalimia kwa Kiingereza hata ninapowasemesha Kiswahili. Siwaitikii mpaka waanze upya.

Nina ombi, lakini kwanza nikueleze lilivyoanza.

Katika ghorofa letu la St. James Town, mlango unaotazamana na wetu, anaishi mjane wa Kijerumani aitwaye Bibi Hedwig. Umri wake unakaribia miaka tisini. Tumaini akiwa kazini, huwa nakwenda kunywa chai kwake. Ukutani ametundika picha ya babu yake, jenerali mwenye masharubu meupe. Siku ya kwanza nilikaa nikiipa mgongo. Sababu unaijua.

Baadaye nilimwuliza habari za huyo jenerali. Kumbe alikuwa mtoto wa mwalimu wa kijijini, kama sisi. Aliingia jeshini angali kijana, akapigana vita vya Denmark, kisha vya Austria, kisha vya Ufaransa, ambako risasi ilimlemaza mkono wa kushoto. Alipanda cheo polepole kwa sababu hakuwa na jamaa wakubwa. Kabla ya kukagua bunduki, aliwavua askari viatu na kuwatazama nyayo. Ofisa ambaye askari wake walikuwa na malengelenge aliadhibiwa. Wenzake walimcheka, wakamwita jenerali wa soksi.

Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Huyo akatumwa kwetu, Ambakisye, akafa kwa homa hapo Tukuyu na kuzikwa nyuma ya boma. Jenerali aliomba ruhusa akalione kaburi. Wakubwa wake wakamjibu kwamba jeshi haliwezi kumwachia jenerali kwa ajili ya luteni mmoja. Akavua sare, akaacha kazi. Lakini moyo wake ulikuwa umeshachoka, na daktari akamkataza safari ya bahari. Mpaka anakufa aliwaandikia watu huku na huku akiuliza jambo lile lile: je, mwanangu alizikwa na viatu vyake? Hakuna aliyemjibu.

"Sasa wewe umetoka huko huko," Bibi Hedwig akaniambia. "Kaburi la mjomba wangu bado lipo?"

Nikamjibu kwa ukali. "Bibi, mjomba wako alikwenda kwetu kufanya nini?"

Akakoroga chai yake, ambayo haikuwa na sukari. "Alitumwa," akasema.

Nikamwambia, "Babu yangu naye alitumwa. Katika ile vita kuu alibebeshwa mizigo ya Wajerumani, akaondoka pekupeku, hakurudi. Kaburi lake hatulijui."

Nilidhani atajitetea. Badala yake akauliza, "Aliitwa nani?"

Nikamtajia jina, nikamsahihisha mpaka akalitamka sawasawa. Tangu siku hiyo, akisali kabla ya kula, humtaja babu yetu pamoja na jenerali wake.

Nilipomsimulia Tumaini, alicheka. "Baba, wewe uliyekuwa unaipa picha mgongo! Sasa mmekuwa ndugu?" Nikamwambia asitanie mambo ya marehemu.

Baada ya Krismasi Bibi Hedwig anahamishiwa nyumba ya wazee, na daktari wake hamtarajii kuishi sana. Anataka jibu kabla hajafumba macho.

Basi nenda nyuma ya boma, kule tulikokuwa tukikaa juu ya mawe kula miwa. Tazama kama jina la huyo luteni, nililolinakili nyuma ya karatasi hii, bado linasomeka. Kama majani yamelifunika kaburi, yafyeke. Najua utanung'unika, na haki unayo. Usiyafyeke kwa ajili ya jenerali. Yafyeke kama ambavyo ungependa mtu asiyetujua ayafyeke kwenye kaburi la babu, popote lilipo. Kisha niandikie ukweli. Kama kaburi halipo, sema halipo. Habari ya viatu usiibuni, maana hakuna aliye hai anayeijua.

Nisalimie dada yetu mkubwa, mchungaji wa usharika, na jirani yako fundi cherehani.

Bibi Hedwig ameniuliza kama unavyo viatu imara vya kupita kwenye matope ya huko. Nimemwambia unavyo. Vivae.

Ni mimi kaka yako,
Andembwisye