Mwana wa Fundi na Shati la Matundu

Bibi Zuena mpendwa wa redioni, mi ni Faridi wa Magarama, hapa Gitega, nina miaka ishirini, nisikilize hadi mwisho kabla hujanigombeza, maana furaha niko nayo na shida niko nayo, zote zimeingia mlango mmoja. Mwaka jana nilipeleka mapazia misheni ya Mutoyi, Mtaliani mmoja wa kujitolea akanipa kaseti ya panki, akanieleza huo muziki ulianza miaka ya sabini, Amerika na Uingereza, kwa vijana wasio na kazi walioambiwa hawana kesho, gitaa hawalijui vizuri lakini wakasema tunajua kushika nyuzi namna tatu, zinatosha, wakachana nguo wakazifunga pini, wakaandika magazeti yao wenyewe, na leo panki iko hadi Brazili, na matajiri nao wanauza mashati ya matundu dukani. Bibi, hayo maneno yaliniingia, kwa sababu tangu vita ianze kila mtu anauliza we ni wa upande gani, lakini mi na rafiki yangu Fiston, Mkongomani wa Uvira, tukipiga gitaa na ndoo hatuulizani. Basi nikanyoa pembeni, nikaacha nywele zisimame katikati, nikatoboa shati nikalifunga pini kumi na moja. Donc, basi, mwezi uliopita nilienda Muyinga kumsaidia baba, Uthmani, fundi cherehani wa sokoni, akaja mama mmoja wa kambi ya waliokimbia vita kushonesha gauni lake la pekee lililotoboka, akaniangalia, akamwambia baba, "Fundi, kama mwanao mwenyewe umeshindwa kumshonea, langu utaliweza?" Akachukua gauni akaenda, watu wakacheka, baba hakucheka. Aliniambia, "We, harusi ya Aisha usikanyage." Aisha ni dada yangu wa pekee, ndoa ni Jumapili ya wiki ijayo, panki sitaki kuiacha na dada sitaki kumkosa, nifanye nini?

Faridi

Bibi Zuena anajibu:

Faridi mjukuu wangu, barua yako nimesomewa mara mbili, maana mi shule niliiona kwa nje tu. Mara ya kwanza nilicheka hadi nikakohoa. Ati matajiri wa Ulaya wanauziana matundu! Mara ya pili sikucheka.

Kichwa usinyoe. Mama yangu mzazi, msichana wa Bukirasazi, alikuwa nacho hicho hicho: tunaita isunzu, huku wananyoa, huku wananyoa, za katikati zinasimama, na wanaume walivuka vilima viwili kuja kuziangalia. Kwa hiyo hao Wazungu wako wasijione sana. Ila kwenye vizuizi vya njiani vaa kofia. Askari mwenye bunduki hana muda wa kuelezwa habari za Uingereza. Hapo sikuombi, nakuamuru.

Sasa shati. Sogea nikuvute sikio. Hao vijana walichana nguo ili wenye nacho wawaone. Sawa, hata mi ningechana. Lakini yule mama wa kambini tundu hakulichagua. Alikimbia na gauni moja, akatembea hadi kwa fundi, akakuta shida yake we umeivaa kama pambo! Ungekuwa yeye ungebaki? Baba yako hakuchukia muziki, mjinga we. Miaka yote anainamia ile mashine ili watu wasitembee wazi, na we ukasimama pale kama tangazo kwamba kazi haijui.

Panki yako si ni kufanya kwa mikono yako bila kungoja wakubwa? Mikono unayo, tena imefundishwa. Panda gari la Muyinga Alhamisi. Nyumbani usianzie. Nenda kambini, mtafute yule mama, msalimu kwa mikono miwili, omba gauni, lishone akiwa anakuangalia, bure, kisha umwombe akusindikize kwa baba. Shati la matundu ni la siku ya kupiga na Fiston. Kwa fundi, marufuku. Nikikukuta nalo nakuvua mwenyewe.

Na we Uthmani, kama unasikiliza redio hapo sokoni: vijana wangapi siku hizi wanapiga ndoo tu, si risasi? Mshukuru Mungu, baba.

Akiwa bado amenuna, Faridi, usibishane. Siku ya harusi keti naye sinia moja, umsogezee nyama. Mdomo uliojaa pilau haufukuzi mtoto.