Kwa Fundi Spika, Tuliyemzika kwa Dua Mbili

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu ulipolala kwenye kiti cha karakana yako na bisibisi bado iko mkononi. Ninayeshika kalamu ni mimi binti yako, na naandika nikiwa na hofu. Mama amekaa kando yangu, anahakikisha siruki neno.

Mtaa mzima ulikuita Fundi Spika. Hakuna nyumba ya ibada hapa kwetu ambayo kipaza sauti chake hakikupita mikononi mwako. Ulichomea waya, ukapuliza vumbi, kisha ukajaribu kwa maneno yaleyale: "Moja, mbili, jirani umekula?" Mwenyewe hukuwa na dini, wala hukuficha. Mtu akikuuliza mbona unawatengenezea watu usichokiamini, ulimjibu, "Mimi natengeneza spika. Ya kusema ni yao."

Na wale waumini wachache waliokuwa wakikutana katika chumba nyuma ya duka la rangi, watu walipotaka kuwafukuza, nani alisimama mlangoni na katiba mkononi? Wewe, na ovaroli yako yenye mafuta. "Leo mkiwafungia hawa, kesho mtanifungia mimi, keshokutwa zamu yenu." Wengine walikucheka, lakini chumba hakikufungwa.

Sasa, Baba, tukwambie tulichokufanyia. Ulituachia karatasi ndani ya boksi la vifaa: uzikwe bila sala ya yeyote, kila mtu aseme anachokukumbuka nacho, kisha watu waende makwao. Tuliisoma tukaingiwa na baridi. Asubuhi ileile mtu alikuwa ameandika kwa mkaa kwenye mlango wa karakana, "Asiye na Mungu asizikwe na watu." Tukaikunja karatasi, tukaificha.

Baba Mdogo akaenda kimyakimya kumwita kiongozi wa dini moja. Nami, bila kumwambia, nikamwita wa dini nyingine. Wakakutana kaburini, kila mmoja na kitabu chake na spika uliyomtengenezea. Wakatazamana. Mama akafunika uso kwa mtandio, watu wakadhani analia, kumbe anacheka na aibu imemshika. Wakakuombea kwa zamu. Waliomba vizuri, na hawana kosa, maana hawakujua. Kosa ni letu. Ulisema hapana ukiwa hai, tukakusemea ndiyo ulipokuwa huna mdomo.

Mwaka huu wote jambo hilo halijanitoka akilini. Ndiyo maana tulikwenda gazetini kulipia tangazo hili la kumbukumbu. Karani akauliza, "Tuweke alama ya dini gani hapo juu?"

"Usiweke yoyote," Mama akasema.

"Mama, una uhakika? Watu watasoma," karani akasema.

"Si ndiyo kazi ya gazeti?"

Alijibu hivyo kama simba, lakini njiani hakuuachia mkono wangu. Tunaogopa, Baba. Mzazi mmoja ameshamuuliza mwalimu mkuu wa shuleni kwangu kama binti wa mtu wa namna yako anafaa kufundisha watoto. Mwenye nyumba siku hizi anaitikia salamu akitazama pembeni. Kila mlango ukigongwa, tunatazamana kwanza kabla ya kufungua.

Hata hivyo tunasema, na atakayesoma asome: baba yetu hakuwa na dini, na alikuwa mtu mwema. Alilinda haki ya kila mtu kusali, nasi tukashindwa kulinda yake ya kutosali. Tusamehe.

Wanaokukumbuka ni mkeo, mshona nguo. Binti yako, mwalimu, pamoja na mumewe. Na wajukuu zako pacha, ambao bado wanagombania ovaroli yako. Baba Mdogo aliomba asitajwe. Ana familia, hatukumlaumu. Jana, ukurasa wa gazeti ukiwa karibu kufungwa, alituvamia mbio, vifungo vya shati vimekwenda kombo.

"Niwekeni na mimi," akasema akihema. "Ila niwekeni mwisho kabisa. Pengine hawatasoma mpaka huko."

Basi yuko hapa: mdogo wako, dereva wa lori.

Hutatutoka moyoni, Baba, siku zote tutakazojaliwa.