Mstari Uliopinda Kwenye Dashibodi

Mabula mwanangu,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua inaanza kwa kumjulia hali yule unayemwandikia. Hali yako naijua, nilikuwepo wakati wanafukia. Basi nianze na yangu. Bado nipo. Nakula kidogo. Mchele nimerudi kuuza pale pale sokoni Kashaulili, na wateja wananiita vile vile, Mama Fundi. Jina hilo sijalivua. Aliyekufa ni fundi, mama yake hajafa.

Naandikia kwenye meza yako, ile uliyokuwa unachorea vipimo kwenye makatoni. Mimi niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu mwalimu alikuwa anawaonyesha wenzangu wauige. Ule mkono wako ulionyooka uliutoa wapi kama sio kwangu? Baba yako, Mungu amrehemu, hata fito za zizi alikuwa anazifunga zimepinda, ng'ombe wanatoka wanakwenda kula mahindi ya watu.

Wewe ulikuwa mtu wa mstari. Hakuna mwanamke sokoni ambaye hajanisikia nikilisema hilo, na aliyechoka kulisikia nilimwambia azibe masikio. Watu walikuwa wanaleta magari ya zamani, tundu la redio dogo kama mdomo wa kibubu, halafu mkononi wameshika redio ya skrini kubwa kama sinia, wanataka iingie. Mafundi wengine wanatia msumeno tu, kra kra kra, palipozidi wanajaza gundi. Wewe unachukua katoni ya sabuni, unakata kipimo, unakipachika, unakitoa, unakipunguza, unakirudisha, mpaka mwenye gari anachoka anakwenda kunywa chai. Nikikuuliza mbona unachelewesha watu, unanijibu bila kuinua kichwa, "Plastiki sio nywele, Mayu. Ukishakata haioti tena." Kisha kile kipande chako cha msumeno ulichokifunga kitambaa, polepole, halafu unapiga tupa, halafu msasa, na skrini inakaa pale utadhani gari lilizaliwa nayo. Nyumba ilikuwa inanuka plastiki mpaka kwenye ugali. Nilikuwa nakugombeza. Sasa hivi ugali unanuka ugali.

Nilikuacha mzima nikaenda kijijini Mamba kuchukua mchele. Gari la baba mdogo wako Maganga lilikuwa uani kwetu, umeshaitoa redio ya zamani, unataka kuweka kubwa. Nilipokupigia simu sauti yako ilikuwa imekauka, ukasema ni vumbi la msasa. "Niko poa, Mayu. Namalizia gari la baba mdogo." Niliporudi nilikukuta umelala sakafuni, unaongea na watu nisiowaona. Malaria ilikuwa imeshapanda kichwani. Hospitali walifanya walichoweza. Hapo sitaandika zaidi.

Gari lililokutoa hospitali likakupeleka kuzikwa Kasokola ni hilo hilo ulilokuwa umelifungua. Halikuwepo lingine. Viti vya nyuma vililazwa, na wewe ukalazwa. Mimi walinikalisha mbele. Njia nzima nilikuwa natazamana na lile tundu lako, nyaya zinaning'inia kama utumbo wa mbuzi aliyepasuliwa, kila tukiingia shimoni zinatikisika. Watu wanasema nilikuwa jasiri, sikulia. Sio ujasiri, mwanangu. Nilikuwa nasubiri uje uzifunge.

Tuliporudi kutoka makaburini watani wakaja. Mama Zaituni unamjua, muuza vitenge jirani yangu sokoni, mtani wetu wa siku zote. Msibani huyo haji kulia, anakuja kuwachekesha wafiwa, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Akavaa ovaroli lako, linamburuta chini. Akachukua msumeno wako, akapanda gari la baba mdogo wako, akaingiza mdomo kwenye tundu.

"Haloo! Haloo! Mabula, uko humo? Nyie Wasukuma mmezika gunia la pumba! Fundi mwenyewe kajificha huku anawakwepa wateja!"

Watu wakacheka. Mimi mwenyewe nilicheka, kamasi zinatoka. Kisha akapitisha kidole ukingoni mwa tundu, akapiga ukelele.

"Jamani njooni muone! Huu ndio mstari tuliokuwa tunaimbiwa sokoni kila siku? Mbona umepinda kama Mto Katuma? Mama Fundi, mwanao alikuwa anakata dashibodi au anafuata ng'ombe?"

Msiba mzima ukajipanga mlangoni mwa gari kuona. Nami nikaenda nikaona. Upande wa kulia, uzi. Upande wa kushoto, Mabula, umepinda. Umeshuka, umepanda, umeipita alama uliyoichora mwenyewe kwa kalamu.

Mtani hakasirikiwi. Nilimeza. Lakini lile neno lilikwenda sokoni kabla yangu. Nikifika na ndoo yangu ya mchele nasikia, "Haya, Mto Katuma umefika." Kwa utani, ndiyo, ila jina linalotaniwa ni lako, na wewe huwezi kuwajibu. Nikaanza kusema sio wewe uliyekata pale. Nikasema kuna mtu aliingia uani wakati uko hospitali akajaribu ufundi. Nani? Sikumjua, lakini nilimtukana vizuri.

Baba mdogo wako naye akaja na lake. "Shemeji, nimepata dashibodi nzima kwenye gari lililogongwa. Hii tuitoe tuitupe. Kila nikishika usukani naliona hilo tundu, nguvu zinaniisha." Nikamwambia ukiitoa hiyo unitoe na mimi. Kazi ya mwisho ya mwanangu haiendi jalalani kwa sababu ya mdomo wa muuza vitenge. Alinipa mpaka arobaini, nimpate fundi wa kuimalizia, la sivyo inatoka.

Nilizunguka, mwanangu. Baba mdogo wako anaendesha, mimi nimekaa mbele, kila gereji tunasimama. Mmoja akasema imeshaharibika, hakuna pa kushikia redio. Mwingine, kijana ana hereni, akachungulia akacheka. "Aliyekata hapa alikuwa kalewa, mama." Mwanangu kalewa! Mtu ambaye soda tu ilikuwa inamtoa machozi! Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua ya marehemu.

Ndipo Jumanne akarudi kutoka kwao Inyonga. Mwenzako wa gereji, mliyekuwa mnakula sahani moja. Msiba hakuuwahi, alikuja amejaa aibu, hakutaka hata chai. Akaingia kwenye gari, akawasha tochi ya simu, akapitisha ukucha kwenye ukingo wa tundu polepole kama mtu anayesoma. Mimi nasubiri aseme sio wewe. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kwenda kuwatapikia sokoni.

"Ni yeye, Mama," akasema. "Hapa kulia alianza vizuri. Hapa akaacha. Unaiona mikwaruzo? Msumeno ulitoka akaurudisha, ukatoka tena. Mkono ulikuwa unatetemeka. Hapa kama alipumzika. Na hapa sidhani alikuwa anaona vizuri." Akazima tochi. "Hakulewa huyu. Alikuwa na homa."

Nikamuuliza, sasa mtu ana homa ya kutoona, anakatia nini? Si angeacha?

 Aliyejibu ni baba mdogo wako, amesimama mlangoni, anatazama chini. "Alitaka nije nikuchukue Mamba gari likiwa linaimba. Alisema nisikwambie. Nilimwona macho mekundu, akasema vumbi."

Mabula.

Nani alikwambia nataka muziki? Ningepanda lori la mpunga. Ningekaa juu ya magunia nikaimba mwenyewe, sauti ninayo, wewe unaijua. Mtu unapima plastiki mara ngapi sijui, unaogopa kuipunguza hata kidogo, halafu mwili wako hukwenda kuupima hata mara moja! Hata jirani hukumwita. Umekaa kwenye kile kiti peke yako, jasho linakutoka, unakata, unapumzika, unakata. Ningekuwepo ningekuvuta kwa sikio kama ulivyokuwa mdogo. Nimekukasirikia. Marehemu hasemwi vibaya, najua, lakini mimi sikusemi, nakwambia.

Siku hiyo ndiyo nililia. Nililia palepale kwenye kiti cha gari mpaka baba mdogo wako akaenda kuwaita wanawake wa jirani.

Jumanne alisema anaweza kukinyoosha kile kipande. Anajaza puti, anapiga msasa, anapaka rangi, hata Mama Zaituni akija na miwani haoni kitu. Nilikaribia kusema ndiyo. Ni jina lako, Mabula, na jina lako nimelibeba kichwani kama ndoo ya maji, sitaki limwagike hata tone. Lakini nilitia kidole mle. Nikaanzia kulia ulipoanzia, nikaenda nao, nikafika pale ulipopumzika. Zile siku nilikuwa Mamba, sikukuona. Mstari ule ndio pekee uliokuwa na wewe. Nikamwambia Jumanne, shikilia redio kwa ndani, tumia bati, tumia chochote, lakini huu usiuguse.

Akafanya. Akakata bati, akalipinda, akalifunga kwa ndani, redio ikakaa. Fremu imefunika karibu pote, ila kona ya kushoto imebaki wazi kidogo, ukucha unaingia. Fundi mzuri yule. Hakufikii, lakini ni mzuri.

Arobaini ilijaa. Wametoka watu Mamba, wametoka Kasokola, ng'ombe tulichinja wawili, nakwambia ujue mama yako hakukuaibisha. Mama Zaituni akaja na khanga mbili, amejiandaa. Akaenda moja kwa moja kwenye gari, akaona skrini inang'aa, akageukia watu.

"Ehee! Mto Katuma umekauka! Mama Fundi, mmefukia wapi lile bonde?"

Nikamwambia, "Halijafukiwa, mtani. Liko hapo kona ya kushoto, tia kidole." Akatia. Nami nikasimama, nikaongea kwa sauti ile ya kuitia wateja. "Umepinda, ndiyo! Mwanangu alikata hapo ana malaria kichwani. Haoni, mkono unatetemeka, na bado nusu kakata imenyooka! Nionyesheni hapa fundi wa kuweza hivyo. Nyie wengine mkiumwa kichwa tu hamwezi hata kufunga kamba za viatu!"

Nilitegemea anijibu. Mtani hakosi jibu. Alibaki na kidole chake mle kwenye kona, anakisogeza, anakirudisha. Kisha akakaa chini mlangoni mwa gari, akajifunika khanga, akalia. Mtani hatakiwi kulia, Mabula. Alilia mpaka sisi wafiwa ndio tukawa tunambembeleza. Tangu hapo sokoni hakuna anayeutaja mto.

Baada ya watu kula, baba mdogo wako aliiwasha. Skrini ikawaka rangi zote, sauti ikatoka. Nzuri. Ila upande wa kushoto inakwaruza, hasa besi ikiingia. Jumanne akasema kuna nyaya uliziunga mwenyewe kabla hujalala, maungio yake yamelegea, afungue aunge upya. Nimemkatalia. Na baba mdogo wako habari ya kuitoa dashibodi hakuitaja tena.

Mwanangu, ng'wanawane, mkono umechoka na taa ya koroboi inataka mafuta. Kwaheri. Sikuagi kama mtu anayesahau, nakuaga kama mtu anayekwenda shamba na atarudi. Mahindi yakianza kuchipua Kasokola nitakuja kupalilia pale ulipo. Nitakuja na gari hilo, nitakaa mbele, kidole changu kwenye kona. Tukifika tutafungua milango yote na kuiwasha kwa sauti ya juu, kama ulivyotaka mimi nisikie.

Utasikia upande wa kushoto unakwaruza. Nakujua, hutavumilia. Usiamke, Mabula. Lala. Acha ikwaruze.

Mimi mama yako,
Mama Fundi