Saa Nne Hadi Saa Saba

Riruta, Nairobi
Jumamosi, 14 Oktoba 2006

Shemeji yangu mheshimiwa Syokimau,

Pokea salamu zangu pamoja na heshima zote zinazompasa dada mkubwa wa marehemu mke wangu. Ni tumaini langu kwamba karatasi hii itakukuta ukiwa na afya njema, kwamba goti lililokusumbua siku ya mazishi limepata nafuu, na kwamba mvua zimeanza kuwakumbuka watu wa Mwala. Mimi sijambo, isipokuwa macho, ambayo siku hizi yanataka niishike barua mbali na uso kana kwamba inaniuma.

Kabla ya neno jingine lolote, naomba radhi. Imepita miaka miwili na miezi kadhaa tangu tulipomlaza Kanini karibu na boma lenu, nami sijakuandikia hata mstari mmoja. Mara tatu nilianza. Kila mara nilifika kwenye salamu, nikaona sina habari ya kuzifuata, nikaikunja karatasi nikaiweka kwenye Biblia. Mtu aliyefundishwa na wamisheni kuandika barua kabla hajafundishwa kuvaa viatu hana udhuru wa kukaa kimya namna hiyo.

Habari za hapa ni chache. Nyumba ingali imesimama. Binti yetu Kavutha hunipigia simu kutoka Eldoret kila Jumapili baada ya ibada, huniuliza kama nimekula, nami hujibu kwamba nimekula. Kuku wa jirani yangu Mungai wangali wanaingia katika sukuma wiki za dada yako, na mimi na Mungai tungali tunagombana kwa adabu. Mchana huwa mrefu sana, shemeji. Sikupata kuujua mchana wa nyumba hii hapo zamani, kwa kuwa kwa miaka thelathini na minne nilitoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda ofisini mjini, nikarudi taa zikiwa zimewashwa.

Jambo linalonisukuma nikuandikie lilianza mwezi wa nane. Alinijia binti mmoja wa Dagoretti aitwaye Mwihaki, mwanafunzi wa chuo kikuu, akaniambia kwamba anachunguza mila na maisha ya kila siku ya jamaa za wazee waliokaa pande hizi tangu zamani. Nilimweleza kwa upole kwamba mila zimebaki Ukambani, na kwamba angefanya vyema kupanda basi la Machakos. Alitabasamu, akasema hatafuti ngoma wala mavazi ya ngozi. Alitaka kujua ni nani huamka wa kwanza, sufuria hutundikwa wapi, kiti kipi ni cha nani, na chai hunywewa saa ngapi.

Nilishangaa, lakini sikukataa. Nilipokuwa shule ya misheni alikuja Mzungu mmoja mwenye utepe, akatupima vichwa, akaandika namba, akatupa sukari guru na kwenda zake bila kumwuliza hata mmoja wetu jina lake. Binti huyu aliuliza jina kwanza. Mungai alipomwona akihesabu vijiko vyangu alinifokea juu ya ua, “Mzee Kitonga, sasa wewe umekuwa makumbusho! Watakuweka kwa kioo na hiyo tai yako!”

Mwihaki aliniachia daftari. Upande wa kushoto niliandika saa, upande wa kulia niliandika nani anafanya nini. Kila Jumanne saa kumi alasiri alikuja, tukanywa chai, akayasoma niliyoyaandika na kuuliza maswali. Ninaona haya kukuambia kwamba tangu juma la pili nilianza kufagia siku ya Jumatatu, na kununua mandazi sita, ingawa yeye alikula moja tu. Hapakuwa na mtu mwingine aliyekuwa akiingia mlangoni kwangu kuketi.

Sasa nakuja kwenye jambo lililo gumu, nawe utanivumilia.

Tangu tulipotoka kwenye mazishi, sijaweza kuandaa kikombe kimoja. Mkono wenyewe hutoa viwili. Kile cha pili hukaa mpaka kipoe, kisha hukichukua nje na kukimwaga kando ya ua, palipo na sukuma wiki zake, nami husema, “Karibu chai.” Babu yangu alimwaga hivyo hivyo tone la pombe kwa ajili ya waliotangulia, na sisi watoto wa misheni tulifundishwa kumwonea huruma kwa kuwa gizani. Mimi ni mzee wa kanisa kwa miaka ishirini na saba. Nimewahi kuketi katika kikao kilichomtenga mtu kwa kosa kama hilo.

Basi Jumanne ya kwanza Mwihaki aliingia akaona vikombe viwili mezani, kimoja kimejaa na hakina mtu. Akauliza kwa adabu hicho ni cha nani. Niliona kalamu yake imesimama juu ya karatasi. Nikaona jinsi atakavyoandika kwamba mzee wa kanisa wa Riruta anawanywesha wafu. Nikasema, “Ni cha mama. Ametoka kidogo.”

Hilo tu, shemeji. Lakini uongo ni mgeni asiyejua kuaga. Juma lililofuata mama alikuwa kwenye maombi ya akina mama. Juma jingine alikuwa amekwenda kuwaona jamaa. Katika daftari nililazimika kumwandikia dada yako siku nzima, kutoka kuamka hadi kulala, kwa majuma manane. Asubuhi niliiandika vizuri, kwa sababu niliijua: huwasha jiko, huchemsha maji, hukagua ukosi wa shati langu. Jioni pia niliijua. Katikati hapakuwa na kitu. Mwihaki alisoma akaniuliza, “Na kati ya saa nne na saa saba, mama hufanya nini?” Niliandika kwamba hufagia na kusali. Juma lililofuata niliandika vivyo hivyo. Akaniuliza bila ukali, “Mzee, kila siku ni kufagia na kusali? Huyu mama hachoki?”

Usiku huo nilikaa na daftari nikatafuta. Miaka arobaini na mitatu ya ndoa, na sikuweza kujaza saa tatu.

Nilikuwa pia nimeandika neno moja la kweli, kwamba nyama ya mwisho wa mwezi Kanini huinunua Kenyatta Market. Jumanne, tarehe tatu ya mwezi huu, Mwihaki aliomba twende pamoja akaone mahali jamaa yangu hununua vitu. Tulipita kati ya wasusi, wakanivuta mkono wakiniambia nikae nisukwe hizo nywele tatu zilizobaki, mpaka tukafika kwenye moshi wa wachomaji. Kibanda nilichokijua kwa jina ni cha mtu aitwaye Muigai, mnene, mwenye aproni nyeupe iliyokwisha kuusahau weupe wake. Mwihaki alinitambulisha. Muigai aliweka kisu chini.

Nitayaandika maneno yake jinsi alivyoyasema, nawe usamehe Kiswahili cha mjini. Alisema, “Kitonga? Kitonga wa Riruta? Ai! Si wewe ndio ule mzee wa Mama Kavutha, ule hakulangi nyama ya soko!” Akacheka hadi mabega yakatikisika. Kisha akavua kofia. “Pole sana, mzee. Sisi tulikuja kusikia mama ameshazikwa. Hata hapa kwa kibanda tulimlilia, haki.”

Mwihaki alinitazama. Sikuwa na mahali pa kuweka uso wangu. Lakini Muigai hakujua kwamba ameshika shoka, akaendelea kupasua. Alituonyesha benchi moja lililo karibu na ukuta. Akasema hapo ndipo Mama Kavutha alipoketi kila Alhamisi, saa tano, miaka na miaka, na dada yake wa Ngara. “Robo ya mbavu, zikauke, chumvi kando. Na huyo dada yake! Akicheka, wasusi wote wanageuka. Kulikuwa na mtu walikuwa wanapenda kuiga, mtu anaombea chakula mpaka chakula inapoa. Huyu anaomba, huyu anasinzia, halafu wanaanguka kwa meza.”

Shemeji, ninamfahamu mtu huyo anayeombea chakula mpaka kinapoa.

Tuliondoka bila kununua kitu. Njiani nilimwomba Mwihaki msamaha, nikamwambia yote, pamoja na chai ninayoimwaga.  Akasema kwamba itambidi ayatoe majuma yote manane katika kazi yake na kuwaeleza walimu wake sababu, na kwamba huenda asimalize mwaka huu. Hakunikemea. Alisema tu, “Lakini mzee, ungeniambia ni chai ya marehemu. Hiyo ndiyo nilikuja kuandika.” Jumanne iliyopita hakuja. Mandazi niliwapa kuku wa Mungai. Siku ya pili yake niliandamana na fimbo yangu hadi kwao Dagoretti, nikamwomba tena msamaha mbele ya mama yake. Akanipa daftari jipya, akasema kwamba nikipenda kuandika ukweli atakuja kulichukua Jumanne, tarehe ishirini na nne. Akaongeza kwamba mahali nisipojua niache wazi, nisijaze.

Juzi, Alhamisi, nilivaa koti nikaenda Kenyatta Market peke yangu. Nilifika saa tano. Niliagiza robo ya mbavu. Muigai alizileta kwenye ubao na chumvi kando, akapangusa benchi kwa aproni yake ambayo ingekuwa heri asingeitumia. Nilifumba macho kuombea chakula, nikakumbuka, nikasema “Asante Bwana” na kufumbua. Nyama ilikuwa ingali moto. Ilikuwa nzuri sana. Muigai aliniambia kwamba wewe ulipohama Ngara ukarudi Mwala, Kanini alikuja mara mbili peke yake, akala kidogo, kisha hakurudi tena.

Najua kwa nini mlinificha. Mwaka wa themanini na moja, tukiwa mezani, nilisema kwamba mke wa mzee wa kanisa hali nyama sokoni mbele ya walevi. Sikupandisha sauti. Nilisema mara moja tu. Kanini akajibu, “Nimesikia,” nami nikadhani kusikia ni kukubali.

Ningeweza kuimaliza barua hapa, nawe ungenihesabu kuwa mtu aliyedanganywa. Lakini sivyo, na hili ndilo ambalo sijamwambia hata Mwihaki. Jioni za Alhamisi kitambaa chake cha kichwa kilinuka moshi wa nyama. Niliisikia harufu hiyo kwa miaka mingi. Siku moja nilimwuliza, akasema ni jiko la jirani, na macho yake yalikuwa yakicheka. Shemeji, siku hiyo Mungai hakuwapo, na upande wa pili hapakuwa na nyumba. Nilijua kuna jambo, na kwamba ni jambo la furaha. Lilitosha neno moja, niseme, “Nichukue nami.” Badala yake nilifungua gazeti. Niliona afadhali nisijue, ili nisilazimike kukataza, wala nisilazimike kuomba.

Kwa hiyo sikuandikii kukulaumu. Nakushukuru kwa kila Alhamisi uliyompa. Ninakuomba, kama halitakuwa jambo la kuvunja heshima iliyopo kati yetu, uniambie alikuwa nani kati ya saa nne na saa saba. Mlizungumza nini? Ni nani aliyekuwa akiomba, na ni nani aliyekuwa akisinzia? Daftari la Mwihaki nitamrudishia hata likiwa na nafasi wazi, maana nimekwisha kumdhulumu vya kutosha. Hili naliomba kwa ajili yangu. Kila alasiri namkaribisha mtu chai, na sasa sina hakika kama ninajua ninayemkaribisha.

Na neno moja dogo. Benchi lile lina pande mbili, mmoja umegusa ukuta na mwingine umeelekea watu. Nilimwuliza Muigai Kanini aliketi upande gani, akajikuna kichwa akasema wateja ni wengi. Alhamisi nilikaa katikati, nisije nikakosea.

Uwasalimie wajukuu wote, na unisaidie kung'oa majani kaburini kwake kama yameota. Hapa Mungai anakusalimu, ingawa hakujui, na kuku wake pia.

Nabaki shemeji yako mtiifu,
Isaiah Kitonga

Barua hii ataileta Kivuva, yule mfanyabiashara wa mbuzi wa hapo Mwala. Ameshusha mbuzi wake Dagoretti leo asubuhi na anarudi na lori tupu. Nimemweleza kwamba wewe huandiki haraka, naye ameahidi kuketi kwako hadi umalize, hata kama ni mpaka kesho. Kama kuandika ni taabu kwa sababu ya goti au ya uchungu, usiandike. Mwambie tu upande wa benchi, naye ataniletea.