Sakafu ya Bi Lurdes

Troyeville, Johannesburg
Jumatatu

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakupigia goti kutoka mbali, ingawa najua utasema goti la kwenye karatasi halishiki vumbi. Na la kwako, lile la kushoto, linaendeleaje? Bado unalikanda kwa maji ya chumvi, au umelifanya kisingizio cha kutotoka nje? Mimi ni mzima. Mjukuu wako Idrisa naye mzima, ila ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kizulu. Baridi imeanza kutung'ata masikio.

Shangazi Zuhura alinipigia simu. Anasema umemwagiza mtu wa vyuma chakavu aje mwisho wa mwezi achukue tarumbeta lako, eti linajaza vumbi tu uvunguni. Baba, iliniuma sana. Nilitaka kukupigia nikugombeze, nikakumbuka kwamba mtoto hamgombezi mzazi, tena wewe simu hukawii kuikata. Barua huwezi kuikata. Nampa msusi mwenzangu Mwanahawa, anakuja Tanga keshokutwa. Isome mpaka mwisho, ndipo umwite huyo mtu wako.

Unajua Jumapili napika kwenye ukumbi wa dansi wa Mzee Tomás, lakini sijawahi kukusimulia ulivyoanza. Mzee kwao ni Pemba ile ya Msumbiji, kwa hiyo Kiswahili tunaelewana. Ujanani alikuwa mhudumu wa hoteli Maputo, hoteli yenye bendi ya rumba, bolero na cha-cha-cha, mambo yale yale mliyokuwa mkipiga ninyi na suruali zenu za kufagia barabara. Bi Lurdes, aliyekuja kuwa mkewe, alikuwa mwosha vyombo hapo. Walijifunza kucheza wakiwa jikoni, mlango wameuegesha ili muziki uingie.

Walipohamia huku, Mzee akafanya kazi za ujenzi, na kila Jumapili mchana Bi Lurdes akawa anachoma kuku wa pilipili na kufungua sebule yao. Waangola wakaja. Wakongo wakaja wakidai rumba ni yao, wazee wa Kireno wa mtaani wakaja kubishana nao, wote wakaishia kucheza. Sebule ilipofurika wakachukua duka la jirani, wakabomoa ukuta wa katikati. Mpaka leo sakafu ni nusu mbao, nusu saruji, na mgeni lazima ajikwae pale zinapokutana. Wenyeji huvuka bila kutazama chini.

Nyumba ile ina mila yake. Wimbo wa kwanza ni bolero, na wanaoucheza ni wenye nyumba peke yao. Wageni husimama ukutani mpaka uishe. Bi Lurdes alipofariki mwaka jana, Mzee alikataa kucheza na mtu mwingine, lakini akashikilia wimbo uendelee kupigwa. Basi kila Jumapili tukawa tunasimama kuitazama sakafu tupu. Ungedhani tunasubiri jeneza. Watu wakaanza kuchelewa makusudi, kisha wakahamia ukumbi mwingine kule Randburg.

Binti yao wa pekee, Teresa, ndiye anayeendesha mambo. Wiki iliyopita alinijia jikoni macho mekundu. "Eish, Rehema, watu wanakuja kucheza, baba anawapa msiba! Jumapili hii wimbo ule siupigi. Akigoma, nafunga mlango."

Mzee alikuwa nje anamenya vitunguu, kasikia yote. "Asipoupiga," akaniambia, "mimi hapa sikanyagi tena."

Nikakaa naye nikashika kisu. Nikamwambia, "Mzee, kwetu matanga huanuliwa. Mikeka inakunjwa, ubani unafukizwa, watu wanakula, kisha mfiwa anatoka nje. Hakuna anayesema marehemu kasahauliwa."

Akamenya viwili vitatu. "Mkeka anaukunja nani?"

"Jamaa wa marehemu."

Akavuta kitunguu kingine.

Jana santuri ikawekwa. Nilipochungulia kutoka jikoni nilimwona Teresa mwenyewe kaiweka, kashindwa kumvunja baba yake moyo. Watu wakajibana ukutani kama kawaida. Mzee akaenda kaunta, akamnyooshea binti yake mkono.

"Njoo. Jamaa yake ni wewe."

"Papá, mimi sijui kucheza."

Na ni kweli, Baba! Mtoto kazaliwa ndani ya dansi, lakini kila wimbo umemkuta nyuma ya kaunta anafungua chupa. Akatoka na aproni yake. Akamkanyaga mzee mguu wa kulia, akamkanyaga wa kushoto, kisha walipofika pale mbao zinapokutana na saruji, binti mwenye nyumba akajikwaa! Ukumbi mzima ukacheka. Mzee naye akacheka mpaka akamshikilia bega. "Mama yako alijikwaa hapo hapo," akasema, "siku tulipobomoa ukuta." Akaomba wimbo urudiwe. Mimi niliulilia wali wangu mpaka ukashika chini.

Baba, Mama tulimwanulia matanga siku ya tatu. Mkeka wa sebuleni kwetu niliukunja mimi. Lakini wewe siku ile ulilisukuma tarumbeta uvunguni, na naona uliingia nalo. Nakupenda, ndiyo maana nasema. Unakumbuka ukirudi kutoka kwenye dansi ulivyokuwa unapiga noti tatu mlangoni, majirani wanatukana, Mama anakuja mbio kukufungulia huku anajifanya amenuna? Mimi nilikuwa nazisikia chini ya shuka, najua sote tumeshafika nyumbani.

Nisalimie Shangazi Zuhura, umwambie asante kwa umbea wenye faida. Msalimie Mjomba Bakari anayekukosoa kwenye bao, na mama wa jirani anayekuletea vitumbua, na usijifanye humwoni.

Jumapili saa kumi za huku, saa kumi na moja za kwako, kabla ya wimbo wa kwanza, nitakupigia simu na kuiweka kaunta kwa Teresa. Sitaki useme neno. Litoe tarumbeta, lipanguse, unipigie zile noti tatu, hata zikikwaruza.

Safari hii mlango nitakufungulia mimi.

Mwanao,
Rehema